Plaizi naipima na mkono wangu mdogo

Watu wengi wakiingia hadwea hapa Nakuru kununua plaizi huangalia rangi ya mshiko kwanza, ile nyekundu na nyeusi ama ile ya bluu na manjano, wanauliza bei, wanalia kidogo ipunguzwe, wanalipa wanaenda. Mimi naanzia katikati, pale riveti iko, ile pini inashika miguu miwili pamoja. Naifungua naifunga, nashika mguu mmoja natingisha ule mwingine nione kama iko na mchezo wa kwenda kando, naiangalia kwa mwanga, ndio sasa tuanze maneno ya bei. Kuna duka moja wamenizoea mpaka nikiingia wananiita mama riveti, na sijali, bora wasinipe takataka.

Sababu ni kwamba mimi ni fundi wa stima na maji na mikono yangu ni midogo. Hizi vifaa nyingi zilitengenezwa mtu akifikiria mkono wa mwanaume mkubwa, kwa hivyo kitu yeye anafinya tu akiendelea na stori, mimi naifinya kidole cha mwisho kikiwa hata hakijafika kwa mshiko. Ukifanya kazi namna hiyo mwaka baada ya mwaka unaanza kujua ni plaizi gani ilifikiriwa na ni gani ilichongwa tu ikapakwa rangi. Na vile nimekuja kuona, karibu kila kitu kizuri watu wamewahi kufanyia plaizi, iwe ni Marekani ama Ujerumani ama Uswisi, ni mtu alikuwa anajaribu kutoa kazi kwa mkono aiweke kwa kile kiungo cha katikati. Hiyo tu. Mengine ni rangi.

Hii elimu sikuanzia kwa stima, nilianzia Naivasha kwa maua. Nilikuwa nakata waridi ndani ya grinhausi, na kama hujawahi fanya hiyo kazi, siku nzima ni kufungua na kufunga mkasi, shina baada ya shina, na ile joto ya ndani ya plastiki. Usiku mkono ulikuwa unakufa ganzi, naamka nautingisha mpaka urudi. Mwanzo tulikuwa na mikasi ya bei rahisi, mbili za chuma zimepigwa riveti moja pale katikati, ikishalegea basi imelegea, hakuna pa kukaza. Kisu kinaanza kupita mbali na ule upande wa chini, sasa haikati, inatafuna. Shina likitafunwa haliwezi kunywa maji vizuri na ua halikai, kwa hivyo pale pakihausi, kwa kupangia maua, linarudishwa na supavaisa anakuja kuuliza ni nani. Unafinya zaidi ndio likatike safi. Yaani kosa ni la riveti lakini anayelipa ni mkono wako.

Halafu msimu mmoja wakaleta ile ya Uswisi yenye mishiko nyekundu, Felco. Hiyo kampuni ilianzishwa 1945 na jamaa anaitwa Félix Flisch, na ile modeli yao maarufu, namba 2, ni ya 1948 na bado inauzwa. Nilipoishika mara ya kwanza nikadhani ni maringo ya wazungu. Lakini angalia vile imefanywa: pale katikati hakuna riveti, kuna bolti na nati unayoweza kukaza, na kando yake kuna kikufuli kidogo cha kuzuia hiyo nati isijilegeze yenyewe ukifanya kazi. Kisu kikiisha unakitoa unaweka kingine. Springi ikivunjika, unabadilisha springi. Na pale mishiko inakutania ukimaliza kukata kuna kipande cha mpira, ile kishindo ya mwisho haifiki kwa mfupa wa mkono. Hicho kipande cha mpira hata si kikubwa kama ncha ya kidole, na ndicho kitu mkono wangu ulikitambua kabla ya macho. Wako hata na modeli mshiko mmoja unazunguka ukifinya, ndio vidole visisuguane na chuma siku nzima, hiyo ni namba 7, na wako na ya watu wa mkono wa kushoto. Sisi hatukupewa ya kuzunguka, lakini kuna mama mmoja alikuwa nayo, alinunua mwenyewe, na alikuwa hakuachii hata uende naye chai.

Jioni tulifunzwa kuikaza. Unafungua mkasi, unatingisha kisu kando, kikicheza unakaza nati kidogo, unajaribu tena, mpaka kisicheze lakini bado kifunguke bila kusukumwa. Ukikaza sana mkono unafanya kazi ya kupigana na nati. Ukilegeza sana unatafuna maua. Hiyo nafasi katikati ni ndogo sana na ukishaijua kwa mkasi unaijua kwa kila kitu chenye mguu mbili na pin katikati.

Nilipotoka Naivasha nikaja Nakuru kufunzwa stima na mzee mmoja, marehemu sasa, fundi wa zamani aliyekuwa amefanya waya za nyumba nyingi sana pande za Section 58 na London na kule Free Area, mitaa ya hapa Nakuru. Siku za kwanza nilikuwa nakata waya mnene na ncha ya plaizi, nafinya na mikono miwili, natoka machozi. Akaniangalia akaniambia, "Msichana wangu, sogeza waya ndani. Wewe unataka kukata na mdomo na nguvu iko kwa koo." Nikasogeza waya mpaka karibu na riveti, ikakatika tu hivi.

Ni hesabu rahisi lakini hakuna mtu hukuambia dukani. Chukulia kiganja kinafinya sentimita 12 kutoka kwa riveti. Waya ikiwa sentimita 2 kutoka kwa riveti, nguvu yako inazidishwa mara 6. Ukiisogeza iwe sentimita 1, ni mara 12. Nikifinya na kilo 15 hapo nimetoka kilo 90 nikaingia kilo 180 na sijaongeza jasho hata moja. Ndio maana hawa watengenezaji wakubwa walikuja wakasogeza riveti yenyewe ikakaribia makali, hizo ndio wanauza kama plaizi za nguvu zaidi, ukiziangalia kando ya ile ya kawaida unaona tu riveti imepanda juu kidogo. Kuna wengine wameweka viungo viwili kwa plaizi moja, ukifinya kiungo cha kwanza kinasukuma cha pili, nguvu inazidishwa kwa kiungo cha kwanza halafu inazidishwa tena kwa cha pili. Ni ile akili iko kwa bolti kata, ile mkasi kubwa landlodi huleta mpangaji akipoteza ufunguo, mtu mwembamba anakata kufuli nzima na hajatoa hata kofia.

Mzee alikuwa anapenda stori ya plaizi za watu wa laini, akanipa ile ya Klein wa Chicago, na nimekuja kusikia kampuni yenyewe ndivyo inavyoisimulia. Mwaka 1857 fundi wa laini za simu za maandishi alikuja kwa mhunzi anaitwa Mathias Klein na plaizi imevunjika mguu mmoja. Klein akamfulia nusu mpya, akaipiga riveti kwa ile nusu nzima. Baada ya muda jamaa akarudi, sasa ile nusu ya zamani ndio imevunjika, akafuliwa hiyo pia, basi akawa na plaizi ya Klein nzima. Mzee akifika hapo alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anasema hapa kwetu fundi angemwambia nunua nyingine. Mimi nikiskia hiyo stori naona kitu kingine, kwamba ile riveti ilikubali kutolewa na kurudishwa. Hizi za siku hizi ukitoa riveti umetupa plaizi.

Kwa maji ndio niliteseka kabisa. Ile plaizi ya paipu tunaita wota pampu, ile ya zamani ya matundu mawili, unaifungua sana ndio pin iruke kwa tundu la pili, na ukiwa unafinya nati kubwa inaruka yenyewe inarudi kwa la kwanza na vidole vinagongana na ukuta. Aliyemaliza hiyo shida ni mtu anaitwa Howard Manning, alikuwa injinia kwa kampuni moja huko Pennsylvania Marekani, 1933 akatoa plaizi ambayo haina matundu, iko na mifereji imechongwa kwa chuma na ule upande mwingine uko na ulimi unaingia ndani ya mfereji. Sasa mzigo haukai kwa pin peke yake, unakaa kwa ule mfereji wote. Waliiita Channellock na ikauzika mpaka 1963 kampuni nzima ikachukua hilo jina. Ukiona wota pampu yoyote hapa Nakuru yenye ngazi ngazi pale katikati, hata iwe imetoka wapi, akili ni ya huyo jamaa.

Lakini hata hiyo kwangu bado ilikuwa na kitu. Ukiwa umelala chini ya sinki, mgongo kwa simiti, tochi mdomoni, mkono wa kushoto umeshika paipu isizunguke, unabaki na mkono mmoja. Ile ya mifereji lazima uifungue kabisa ndio uiruke mfereji mwingine, na kwa mkono mdogo kufungua hiyo mishiko na mkono mmoja ni sarakasi. Hapo ndio nilikuja kuelewa kwa nini watu wanalipa pesa nyingi kwa ile ya Wajerumani wa Knipex, kampuni ya kule Wuppertal tangu 1882, ile wanaita Cobra. Iko na batani. Unaweka mdomo wa juu kwa nati, unabonyeza batani na kidole gumba, unasukuma mdomo wa chini mpaka uguse, unaachilia, imeshika. Saizi inatafutwa hapo hapo juu ya nati, hutoi ukaangalia ukarudisha. Halafu meno yake yameelekezwa kinyume na vile unazungusha, kwa hivyo ukivuta inajikaza yenyewe, mkono kazi yake inabaki kuvuta tu, si kufinya na kuvuta pamoja. Na mishiko imewekewa mwisho, hata iteleze haifungi mpaka ikabana vidole vyako katikati. Mtu aliyefikiria hiyo ya mwisho amewahi kubanwa, hiyo nakuapia.

Shida yake ni bei, na shida ya pili ni kwamba ina meno, na bomba za maji za jikoni za siku hizi ni za kupakwa kromu, ukiziguza na meno umeacha alama na mwenye nyumba ataona hiyo alama kabla aone maji yanatoka. Mafundi hapa hufunga kitambaa, ama kipande cha tyubu ya baiskeli, na inafanya, ingawa kitambaa kinateleza. Hao hao Wajerumani wako na nyingine midomo yake haina meno kabisa, na midomo haifungi kwa pembe, inakaribiana ikiwa imesimama sambamba kila saizi, inashika nati upande kwa upande vile spana hushika, lakini inafinya karibu mara 10 ya nguvu ya mkono. Midomo ya kwenda sambamba si kitu kipya, Mmarekani anaitwa Bernard alikuwa nayo tangu karne ya 19. Kuongeza saizi za kuchagua na nguvu ndio kazi ilichukua muda. Hiyo moja niliazima kwa jamaa wa kufunga boila, na kuirudisha ilinikaa roho.

Vaisgripu, ile plaizi ya kujifunga, nina maneno nayo. Kifaa kizuri, sibishi. Ilianza na mhunzi mhamiaji kutoka Denmark, William Petersen, huko mji mdogo wa DeWitt, Nebraska, ile ya kujifunga akaipatia hati ya uvumbuzi 1924. Akili yake iko ndani ya ule mguu: kuna kijichuma kinasukumwa mpaka kinapita kidogo ule mstari wa katikati, na kikishapita hakiwezi kurudi chenyewe, plaizi inabaki imeuma hata ukienda chai. Ukienda kwa watu wa welding wa jua kali hapa ama Kisumu kule Kibuye utaona geti imebanwa na vaisgripu tano na hakuna mkono wa mtu hapo. Mkono umepumzika kabisa. Sasa shida ni kuifungua. Zile za mwanzo hazikuwa na kile kidole cha ndani cha kuachilia, hicho kiliongezwa 1957, kabla yake ulikuwa unavuta miguu miwili mbali kwa nguvu. Na hata hizi zenye kidole, zile za bei ya chini, kile kidole ni kifupi na kigumu, ukikisukuma ikiwa imekazwa sana inaachilia na kishindo na ngozi ya kiganja inaingia pale katikati. Kila fundi yuko na hiyo alama, angalia chini ya kidole gumba chake. Mimi siku hizi nikiikaza natumia ile skrubu ya nyuma kuirudisha robo zungu kabla ya kubonyeza, basi inaachilia pole pole.

Stima sitazungumza sana lakini hii lazima. Ile plastiki laini ya rangi imechovywa kwa mshiko si kinga. Ni ya kushika vizuri tu. Nyumba zetu ni volti 240, inatosha kukuua. Plaizi ya kufanyia stima inakuwa imechapishwa 1000V na alama ya pembetatu mbili, na hizo kila moja hupimwa na volti 10,000 kabla itoke kiwandani. Pale mshiko unapoanzia kuna ukingo umeinuka kuzuia vidole visiteleze kwenda kwa chuma. Duka zimejaa za kuigiza zimeandikwa 1000V kwa stika, na stika haijui stima. Hata ukiwa na ile ya kweli, zima meni swichi, alafu pima uhakikishe. Na plastiki ikipasuka hiyo plaizi inaenda kwa kazi ya seng'enge, usiniambie umeifunga na tepu.

Turudi kwa mkono. Wamarekani wako na taasisi ya usalama kazini inaitwa NIOSH, walitoa kijitabu cha kuchagua vifaa vya mkono, na huko wanasema kifaa cha mishiko miwili cha kutumia nguvu, ikiwa wazi umbali kati ya mishiko usizidi sentimita 9, na ikifungwa usipungue 5. Nilichukua rula nikapima zangu zote. Ile niliyokuwa naichukia zaidi, na sikuwahi kujua kwa nini naichukia, ilikuwa inafunguka zaidi ya 11. Sasa mkono wangu ulikuwa umejua miaka yote bila rula. Ndio maana springi ndogo ya kufungua ni kitu cha maana, mkono unafanya kazi ya kufunga peke yake, kufungua inajifanyia. Plaizi ndogo za elektroniki nyingi ziko nayo, zile kubwa za hapa hazina, na sijawahi pata mtu wa kunielezea kwa nini.

Kuna moja nyingine ningependa kuiona kwa duka Nakuru kabla nistaafu. Miaka ya zamani kampuni ya Western Electric huko Marekani ilikuwa na wanagenzi wa kuunganisha waya, wengine wakapewa plaizi zilizonyooka vile tunajua, wengine wakapewa zilizopindwa mshiko ndio kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Kwa ile mafunzo ya wiki 12, wa zile zilizonyooka zaidi ya nusu walipata maumivu ya mkono. Wa zilizopinda, karibu mmoja kati ya kumi. Chuma ni ile ile, riveti ni ile ile, kazi ni ile ile. Na bado ukienda duka yoyote hapa hadi Kisumu hadi Kakamega, zimenyooka zote. Nilimuuliza fundi mmoja wa chuma kama anaweza kunipindia mshiko wa plaizi moto, akaniambia mama, ikishaingia moto umetoa ugumu wake, itakuwa laini. Na ni kweli, makali yamekazwa kwa moto na kupozwa kwa hesabu, ukiyapasha tena ovyo umeharibu. Hiyo lazima itoke kiwandani ikiwa imepinda.

Kwa hivyo ukienda kununua na huna pesa ya Wajerumani, na wengi hatuna, fanya hivi. Usidanganywe na maneno kromu vanadiamu yaliyochapishwa kando, hayo mtu yeyote anaweza kuchapisha. Tingisha riveti. Funga uangalie makali kwa mwanga, yakutane urefu wote. Omba kipande cha karatasi ukikate na yale makali, kikatike bila kukunjwa. Fungua kabisa uone kama mkono wako bado unaifikia, wako si wa muuzaji. Ukifika nyumbani tia tone la oili ya cherehani pale katikati, fungua funga mara kadhaa, pangusa ile nyeusi inatoka, tia tena. Nyingi zikiwa ngumu hazina shida nyingine, ni vumbi la kiwanda tu.

Sasa niko na msichana ananisaidia, ametoka Bungoma, amemaliza kozi ya stima, mikono yake ni midogo hata kushinda yangu. Alikuja na plaizi ya milimita 200 kwa sababu ndio darasa zima waliambiwa wanunue. Nikamwambia anti atakununulia ya 160, uone vile siku inaisha mkono ukiwa bado ni wako. Wota pampu ya milimita 250 anaazima yangu, na akiirudisha bila oili tunagombana.